Kijana Afundishwe Kudai kwa Hoja



Mwezi Juni wa mwaka jana nilichukua likizo yangu nikaenda nyumbani Mbinga, wakati ambao kahawa huwa imeiva milimani na kila mkono hutakiwa shambani. Siku ya tatu baada ya kufika kwangu iliitishwa mbiu ya mkutano mkuu wa kijiji. Nilikwenda pamoja na kaka yangu na binti yake, ambaye ana umri wa miaka 16 na wakati huo alikuwa kidato cha tatu.

Mambo yalikwenda kama yaendavyo siku zote. Yalisomwa mapato na matumizi, yakazungumzwa ya ulinzi, kisha mwenyekiti akauliza kama yapo mengineyo. Kabla mtu mzima hajanyosha mkono, binti yetu alikwisha simama. Alitaka kusema habari za kijito kinachokata njia ya kwendea shule ya msingi, ambacho nyakati za mvua watoto hukivuka kwa kukanyaga magogo mawili yaliyooza. Lakini hakuanza na magogo. Alianza kwa kusema kwamba viongozi hawajali, kwamba kila mwaka wao ni kuahidi tu, na kwamba bila shaka wanangoja mpaka mtoto afe ndipo wastuke.

Uwanja mzima ulinyamaza. Mwenyekiti akamwambia akae chini, maana mkutano ule ni wa watu wazima. Mzee mmoja akauliza kwa sauti huyo ni mtoto wa nani asiye na adabu. Kaka yangu akainamisha kichwa. Tuliporudi nyumbani binti alikaripiwa vikali na baba yake, na usiku ule hakula.

Nilimfuata jikoni alikojificha. Akaniuliza, "Shangazi, kwani nimesema uongo?"

Nikamjibu, "Hukusema uongo, mwanangu. Ila hukuwapa watu cha kushika."

Kijiji sikitaji kwa jina, kwa kuwa jambo hili lingeweza kutokea katika kijiji chochote, au katika mtaa huo unaoishi wewe. Nimelileta kwako kwa sababu nilipolitafakari niliona kwamba kosa kubwa halikuwa la binti, wala la mwenyekiti, wala la baba mtu. Kosa lilikuwa letu sote tuliomlea. Tulimpeleka shule akajifunza kutaja mihimili mitatu ya dola na kazi za Bunge, na katika mitihani akapata alama nzuri. Lakini hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha namna mwananchi anavyolichukua jambo linalomkera na kulifikisha mahali linapoamuliwa, mpaka likapatiwa jibu.

WAZEE WALIKUWA NA SENGU

Wamatengo tuna neno sengu. Wazee wa ukoo, vijana na wavulana walikuwa wakikutana kwa mkubwa wa jamaa, chakula kikaletwa kutoka nyumba mbalimbali, wakala pamoja. Mgeni na yatima nao hawakukosa fungu lao. Baada ya kula ndipo mambo yalipozungumzwa: nani amevuka mpaka wa shamba la mwenziwe, nani amemtupa mkewe, ngoro za mwaka huu zilimwe upande upi wa mlima. Kijana aliketi, akasikia jinsi mashauri yanavyoletwa na jinsi yanavyojibiwa. Alimwona mzee akishindwa kwa hoja na kukubali. Hata siku yake ya kusema ilipofika, alikuwa amekwisha sikia mashauri mengi kabla ya lake.

Tusiisifu sengu kupita kiasi. Wanawake walikipika chakula kile na kukileta, lakini katika baraza lile hawakuwa na kiti. Binti kama huyu wa kaka yangu asingekaripiwa huko, kwa sababu asingekuwapo kabisa. Pamoja na hayo, wazo lenyewe lilikuwa jema, nalo halijafa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walipofanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, wilayani Mbinga, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, jina la sengu lilifufuliwa kwa kamati ya wanakijiji. Huko ndiko ilikojengwa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji.

Somo ninalolichukua kwa wazee ni moja. Kusema mbele ya watu hufunzwa kwa kuketi mahali mambo yanaposemwa. Hakuna kijana atakayelijua baraza kwa kusomewa habari zake darasani.

SHULE YA LITOWA

Mkoa wetu wa Ruvuma una mfano mwingine, ambao vijana wengi wa leo hawajapata kuusikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Mbinga haijawa wilaya peke yake na ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Songea, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini mahali paitwapo Litowa, wakaanza kijiji cha kuishi na kufanya kazi kwa pamoja. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika chama kilichojulikana kama Ruvuma Development Association. Humo mambo yaliamuliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe.

Litowa ilikuwa na shule, na mwalimu wake mkuu aliitwa Suleiman Toroka. Watoto wa vijiji vile walisoma, wakalima, wakafanya mikutano yao na kushiriki kupanga kazi zao pamoja na walimu. Mwalimu Nyerere alipoitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mengi aliyoyataka kwa shule zote nchini yalikuwa yamekwisha jaribiwa katika shule ile.

Mwisho wa habari hiyo nao hauna budi kuelezwa, na gazeti hili la chama ndilo lipasalo kuueleza. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule. Baadhi ya viongozi wa wakati huo hawakupendezwa na vijiji vilivyozoea kujiamulia mambo na kuuliza maswali. Wenye kazi wakatawanywa, na mali ikachukuliwa. Siandiki haya ili kufukua makaburi. Naandika kwa sababu ni rahisi sana kumsifu kijana mwenye kuuliza mpaka siku atakapotuuliza sisi. Aliye kiongozi, mwalimu au mzazi, na ajipime hapo kwanza kabla ya kumfundisha mtoto neno lolote.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hudhani kwamba kijana hana haki ya kusikilizwa mpaka atakapotimiza miaka 18. Ni kweli kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi waliotimiza umri huo, na kwamba asiyeutimiza hapigi kura. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 11, inampa mtoto awezaye kuwa na maoni haki ya kuyatoa, ya kusikilizwa, na ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomgusa yeye na maisha yake. Basi mwenyekiti angeweza kusema, "Binti, kura huna, lakini tueleze." Yangetosha maneno hayo.

Tena sheria imeweka vikao. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji pamoja na kamati zake, ikiwamo ya fedha, uchumi na mipango, na ile ya huduma za jamii. Juu yake kuna kamati ya maendeleo ya kata, anakoketi diwani, kisha halmashauri ya wilaya. Hizi ni ngazi, na ngazi hupandwa kwa kukanyaga moja baada ya nyingine.

MAMBO MATANO TULIYOMFUNDISHA

Usiku wa pili nilimwomba kaka tuketi watatu. Alikuwa bado na hasira. Akaniambia, "Dada, wewe unakaa mjini. Mimi ndiye ninayebaki na watu hawa." Nilimwelewa. Hofu ya mzazi si ya kubezwa. Kijijini jirani ndiye anayekuazima jembe na ndiye atakayekuzika. Hata hivyo, watoto wanaovuka magogo yale ni pamoja na mdogo wake binti, na hilo ndilo lililomlegeza. Tulikubaliana mambo matano, nami nakuletea hapa ili nawe uyatumie.

La kwanza, ajue ni nani mwenye uamuzi. Binti alidhani kila kitu ni cha mwenyekiti. Tulimweleza kwamba barabara kuu za nchi ziko chini ya TANROADS, na barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Lakini kijia cha miguu kinachokatiza mashamba ya watu kwenda shuleni ni jambo ambalo kijiji chenyewe chaweza kulianza. Ukigonga mlango usio wenyewe utagonga mpaka mkono uvimbe.

La pili, ahesabu. Kwa wiki mbili binti aliamka alfajiri akakaa kijitoni na daftari. Aliandika watoto 112 wanaovuka kila siku, na kati yao 37 ni wa darasa la kwanza na la pili. Alipima upana wa kijito kwa kamba. Alimwuliza fundi mwashi zingehitajika saruji, nondo na mawe kiasi gani kujenga kivuko cha kudumu. Aliporudi na karatasi ile, hata sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwenye hesabu hana haja ya kupiga kelele.

La tatu, asikilize upande wa pili. Nilimpeleka kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, si kulalamika bali kuuliza. Huko alijifunza kwamba kijiji kiliwahi kuomba fedha, na kwamba fedha zilizokuwapo zilikwenda kuezeka madarasa yaliyoezuliwa na upepo. Binti hakuwa amelijua hilo. Akaona kwamba aliyemwita mzembe alikuwa na uchache wa fedha na wingi wa shida. Kuchagua kati ya shida mbili za kweli ndiyo kazi ngumu ya serikali, nako ndiko kunakoitwa kupanga sera.

La nne, aandike. Barua yake ya kwanza ilikuwa kurasa nne, imejaa huzuni. Tukaipunguza mpaka ikawa ukurasa mmoja: shida ni hii, wanaoumia ni hawa, tunaloomba ni hili, na sisi wenyewe tutachangia hivi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoipa barua uzito, kwa sababu kaka na majirani zake sita walikubali kutoa magogo mapya na siku mbili za kazi. Barua iligongwa muhuri wa kupokelewa, naye akabaki na nakala yake.

La tano, afuatilie. Ombi lisilofuatiliwa husahauliwa hata na mwombaji mwenyewe. Alipewa kazi ya kwenda ofisini kila mwisho wa mwezi, kwa heshima, aamkie wazee kwa shikamoo, aulize barua imefika wapi, na kuandika jibu alilopewa pamoja na tarehe.

ZIWA NALO LAFUNDISHA

Kabla ya kurudi kazini nilishuka hadi pwani ya Ziwa Nyasa, kuwaamkia wakwe zangu upande wa Liuli. Sehemu ile tangu mwaka 2012 imekuwa wilaya peke yake, Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Jioni nilikaa mchangani na wavulana waliokuwa wakifuma nyavu. Mmoja, wa miaka kama 15, alinieleza vizuri sana jinsi nyavu zenye matundu madogo zinavyozoa vifaranga vya samaki, na jinsi nyavu za mbu zinavyotumika usiku kuvua. Nilimwuliza kama amewahi kuyasema hayo kwa kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, kile kiitwacho BMU. Akacheka. Kwake yeye BMU ni wazee, na wazee hawaulizi wavulana. Hivyo anayejua anafuma wavu kimya, na mwenye mamlaka anaamua bila kujua.

Niliwakumbusha vijana wale kwamba hata ziwa lenyewe walilokuwa wakilitazama ni jambo la hoja. Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba mwaka 1890. Tanzania mwaka 1967 ilitamka kwamba mpaka wake na Malawi unapita katikati ya maji, ilhali Malawi inasema unafuata ufuko wa upande wetu. Mvutano huo uliibuka tena mwaka 2012, na jopo la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano likaombwa kusuluhisha. Nchi mbili zimekwenda katika meza ile zikiwa na ramani na mikataba mikononi. Hazikwenda na matusi. Kama mataifa yanahitaji ushahidi ili yasikilizwe, sembuse kijana wa kidato cha tatu?

Wala njia hiyo ya hoja haiishii kijijini. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoacha mlango wazi kwa msichana wa miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, kuozwa. Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Shauri lile lilikwenda kwa vifungu vya sheria na subira ya miaka mitatu.

NYUMBANI KWAKO MJINI

Huenda ukasema kwamba hayo ni ya Mbinga, na wewe unakaa chumba na sebule mjini, unatoka alfajiri na kurudi usiku. Basi anza na kilichomo ndani ya nyumba. Jumapili moja kwa mwezi waketishe vijana wako mezani, waonyeshe mapato ya nyumba na matumizi yake: kodi, umeme, maji, nauli, ada. Kijana akitaka viatu vipya mwambie alete ombi lake, aeleze fedha zitatoka fungu lipi na ni nini kitakachopunguzwa. Mpinge kwa haki, naye akikushinda kwa hoja, kubali mbele ya wadogo zake. Atakuwa amejifunza bajeti kabla hajaisikia ile ya Bunge.

Kisha nenda naye kwenye mkutano wa mtaa. Mwonyeshe ubao wa matangazo, mfundishe kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na mkirudi nyumbani mwulize amesikia nini na nani alisema vizuri. Akiudhiwa na takataka zisizozolewa au mtaro ulioziba, usimjibu kwamba hayo si yako. Mpe daftari.

Lakini yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. Usimtume mtoto kusema yale ambayo wewe mwenyewe unaogopa kuyasema. Huko ni kumfanya ngao. Wala usimfundishe kwamba adabu ni kunyamaza. Adabu ni namna ya kusema. Aliyefundishwa kunyamaza tu, siku atakapochoka kunyamaza hatakuwa na njia nyingine ila kutukana.

MWISHO WA KIJITO

Mkutano wa Septemba ulipofika, barua ilikuwa imewekwa katika mambo ya kuzungumzwa. Mimi sikuwapo, kaka ndiye aliyenisimulia kwa simu. Mwenyekiti alimwita yeye aieleze, kwa kuwa ndiye mtu mzima. Kaka akasimama akasema, "Aliyehesabu ni huyu. Naomba mumsikie mwenyewe." Mwenyekiti akakubali. Binti akaamkia, akasoma karatasi yake kwa dakika tatu, akakaa. Yule mzee aliyeuliza ni mtoto wa nani aliuliza tena, lakini safari hii kwa namna nyingine.

Kabla ya mvua za Novemba wanakijiji walitoa siku mbili, magogo yakabadilishwa, na kamba ya kushikia ikafungwa. Kivuko cha saruji hakijajengwa hata leo ninapoandika haya. Kimeingizwa katika mpango wa kijiji, na kuingizwa katika mpango si kujengwa. Kila mwisho wa mwezi binti bado anakwenda ofisini na daftari lake. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba Afisa Mtendaji humwona kwa mbali na kuanza kutafuta faili kabla hajaulizwa.

Nawe, ndugu msomaji, una kijana nyumbani, na hakuna mtaa usio na kijito chake. Tukutane Jumapili ijayo.